Kura Chini ya Maini

Jumatano, 16 Oktoba

Karatasi za kura zimefika. Bahasha mbili nyeupe, yangu na ya Delmar. Nimezisimamisha mezani jikoni, zimeegemea kopo la chumvi, azione akienda kumimina kahawa. Kapita mara nne. Hakuziona. Au kaziona kama anavyoniona mimi siku hizi — fanicha.

Miaka thelathini na minane ya ndoa, na sijawahi kuona bahasha ya kura ikilala bila kufunguliwa nyumbani kwa Delmar Haskett. Alikuwa akiijaza siku hiyohiyo, kwa sauti, akimtukana kila mgombea kwa zamu. Mtu wa haki, alitukana vyama vyote.

Saa nane mchana kaja Rudd Ostrander, pikapu imejaa mabango. Rudd ni jirani yetu. Ng'ombe wake na wetu waligawana uzio mmoja mpaka tulipouza wetu msimu wa machipuko. Sasa ndiye mkuu wa kampeni ya HAPANA kaunti nzima. "Shemeji, nichomeke wapi?" Sijafungua mdomo ameshachomeka, kando ya sanduku la barua. HAPANA KWA HOJA YA BUNDUKI. Jekundu. Upepo ukivuma, bango lenyewe linatikisa kichwa.

Hoja si ngumu. Anayetaka kununua bunduki apate kwanza mafunzo na kibali. Na bunduki iliyo nyumbani ikae chini ya kufuli. Bunge la jimbo liliikwepa miaka mitatu, basi wananchi wakashika kalamu, wakazunguka kukusanya saini mpaka ikaingia kwenye kura. Rudd anasema saini zote zimetoka Portland, jiji kubwa la jimbo, kwa watu walioiona bunduki kwenye televisheni. Uongo. Moja ni yangu! Julai nilikwenda kumtembelea Darcy, binti yetu, na nje ya soko la mboga alisimama mama mmoja mwenye kofia na makaratasi yake. Nikasaini haraka kama mtu anayeiba pera.

Daftari, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Niandike na hili, maana nikifa ghafla mtu anaweza kulipika.

Chini kabisa kwenye friza, chini ya mbaazi na mkate wa mahindi, ipo pakiti ya karatasi nyeupe ya buchani. Nimeiandika kwa kalamu nene: MAINI. Haina maini. Ina makomeo matatu ya bunduki za Delmar, yale ya chuma yenye mkono, ya kusukumia risasi. Bila hayo bunduki ni fimbo ya bei ghali. Delmar hawezi hata kuangalia maini tangu utotoni. Yapo humo tangu Agosti kumi na mbili.

Sababu ni Wendell. Ndugu yake Delmar, mdogo wake wa pekee. Kafa Machi mwaka huu, bandani kwake. Watu wote wanasema alikuwa akisafisha bunduki. Ndivyo tusemavyo huku. Mchungaji alisema hivyo kanisani, gazeti likaandika hivyo, na mimi nikasema hivyo kwa simu kumi na moja. Nina miaka sitini na miwili, na nimeshawazika wanaume saba waliokuwa wakisafisha bunduki. Hakuna mahali duniani penye bunduki safi kama kaunti hii.

Agosti, tukila, Delmar akasema bila kuinua macho kwamba sasa anamwelewa Wendell. Akaomba chumvi.

Asubuhi yake alipokwenda kulisha farasi nikafungua kabati. Kabati la babu yake, la kioo, halina kufuli, halijawahi kuwa nalo. Nikatoa makomeo, nikarudisha bunduki kama zilivyokuwa. Nikapiga simu kliniki. Delmar akakataa kwenda, halafu akakubali, halafu akakataa. Sasa kakubali tena: miadi ni tarehe sita Desemba, mji wa maili sabini kutoka hapa. Daktari wa mambo hayo ni mmoja kwa kaunti tatu.

Ila bastola ya baba yake sijaipata. Nimetafuta kwenye pikapu, bandani, kwenye masanduku ya vifaa, chini ya magunia. Miezi miwili natafuta. Naosha vyombo nikitafuta. Hata nikisali natafuta, kwa jicho moja.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mkutano wa Hoja, ukumbi wa wakulima. Pai nane. Mimi nilipewa kisu cha kukata, ndiyo nafasi bora ukumbini: kila mtu anakuja kwako, na hakuna anayekuuliza.

Sherifu kasimama kwanza. Ana askari watatu, alisema, na kaunti kubwa kuliko nchi kadhaa za Ulaya. "Mnataka nikakague kabati la nani? Nianzie kwako, Orval?" Mzee Orval akamjibu kutoka nyuma: "Njoo tu, ila kwangu hata ufunguo wa pikapu unanimalizia asubuhi nzima!" Kicheko.

Kisha kasimama Patrice Loomis, muuguzi wa kliniki. Mikono kaitia mfukoni. Alisema watu wanazungumzia wezi. Yeye miaka ishirini na miwili hajawahi kupokea aliyepigwa risasi na mwizi. "Nimepokea wenye nyumba," akasema. Akakaa.

Nilisikia kisu changu kikigusa sahani.

Rudd akamjibu kwa adabu, nikubali. "Patrice, mwanamke yuko peke yake, maili arobaini kutoka kwa sherifu. Mtu anagonga mlango kwa teke. Unamwambia atafute ufunguo?" Makofi. Na hilo nalo ni kweli, nimewahi kuwa mwanamke huyo. Tena akasema kinachomchoma si kufuli bali ni nani anamwekea: Portland wana watu, sisi tuna ardhi, na kwenye kura ardhi haihesabiwi. Hapo hata Patrice alitikisa kichwa kukubali.

Ndiyo taabu ya mkutano ule. Kila aliyesimama alisema kweli, na alipokaa akaisahau ya mwenzake.

Mke wa Rudd akaniuliza mimi naonaje. Nikamwambia naona pai ya tufaha inaisha.

Wendell hakutajwa. Lakini Patrice aliposema "wenye nyumba," vichwa vingi viligeuka, vikaangalia kiti ambacho Delmar hukalia. Hakuwepo. Alikuwa nyumbani na bastola nisiyojua ilipo. Niliendesha maili kumi na moja kwa dakika tisa. Nikamkuta anatazama kipindi cha kupika.

Jumatatu, 21 Oktoba

Bahasha bado ziko kwenye chumvi.

Bandani, nyuma ya hatamu za zamani: hakuna.

Jumamosi, 26 Oktoba

Ameijaza! Baada ya kifungua kinywa, hivihivi, kasema, "Lete kalamu, bibie." Nilikaribia kumwaga mchuzi wa soseji. Nikaketi naye na yangu. Zamani tungebishana kila mstari. Leo kaweka mkono kuziba karatasi kama mwanafunzi asiyetaka kunakiliwa. Nikaziba na yangu, tukawa wanafunzi wawili. Nimeweka wino kwenye NDIYO, nikakunja karatasi upesi.

Kisha tukasaini nje ya bahasha. Ya kwake nimeiangalia. Delmar alikuwa na saini ya kutangaza vita: D yenye kitambi, H kama lango la zizi. Ya leo ni uzi. Nzi akiibuka kwenye maziwa na kutembea mezani huacha alama kama ile.

Lakini kapiga kura. Mtu anayepiga kura anadhani kutakuwa na kesho, sivyo?

Jumanne, 29 Oktoba

Nimezitumbukiza kwenye sanduku la kura nje ya mahakama ya kaunti. Rudd alikuwa upande wa pili wa barabara, akaninyanyulia dole gumba. Nikamnyanyulia langu. Mungu anisamehe, kidole si kiapo.

Jumanne, 5 Novemba

HAPANA inaongoza. Rudd kapiga honi kuanzia barabara kuu mpaka kwake.

Delmar kaangalia matokeo robo saa, akaenda kuangalia farasi. Nikahesabu dakika. Kumi na sita. Karudi na harufu ya majani makavu.

Ijumaa, 8 Novemba

Portland wanahesabu polepole na kila wakihesabu HAPANA inayeyuka. Asubuhi tofauti ilikuwa kura elfu tisa jimbo zima. Sasa ni mia sita na arobaini! Redio inasema haijawahi kuonekana. Rudd hanyoi tena. Kaja kuazima chaja ya betri, akakaa saa nzima, akizungumza na Delmar kama mtu anayezungumza na redio. Wamepanga kwenda kuwinda. Msimu wa elki jike, wale kulungu wakubwa wa milimani, unafunguliwa Jumamosi ijayo, na Delmar ana kibali.

Vibali ni viwili, kwa kweli. Delmar na Wendell huomba pamoja kila Februari, jina juu ya jina. Majibu yalikuja Juni: wote wawili wamepata. Miaka minne walikuwa wanakosa. Vyote viko ubavuni mwa jokofu, vimebanwa na sumaku yenye umbo la samaki.

Kuwinda! Sikuwaza hilo Agosti. Mtu haendi kuwinda na fimbo ya bei ghali.

Jumamosi, 9 Novemba

Barua kutoka kwa karani wa kaunti. Kwa Delmar. Nimeifungua kwa mvuke wa birika — tuseme ilifunguka.

"Saini iliyo kwenye bahasha yako haifanani na saini tuliyo nayo." Kura yake imewekwa kando. Ili ihesabiwe ajaze fomu iliyomo, atie saini, airudishe kabla ya tarehe ishirini na sita.

Haifanani! Wamechukua wiki mbili kugundua. Mimi ningewaambia tangu Machi: huyu mnayemtafuta hayupo, na aliyepo haandiki hivyo.

Saini yangu ya Julai, ya mwizi wa pera, waliipokea bila swali.

Nilitoka nayo tena mpaka barabarani, kando ya bango linalotikisa kichwa. Nikafanya hesabu ambayo mtu mwema hafanyi. Tofauti ni kura mia tano na kitu. Delmar ni HAPANA, amekuwa HAPANA tangu tumboni. Yangu ni NDIYO. Fomu ikikaa bila kujazwa, yangu inabaki, yake inaoza.

Na ile Hoja inataka nini? Kufuli. Miezi mitatu kufuli la nyumba hii ni mimi. Nimechoka kuwa kufuli. Nataka liwe la chuma, la dukani, lililoamriwa na jimbo, niseme, "Si mimi, Del, ni sheria."

Nimeiweka barua chini ya maini.

Jumatatu, 11 Novemba

Sikukuu ya maveterani, askari wa zamani. Mahakama imefungwa, posta imefungwa, friza imefungwa. Sijalala vizuri tangu juzi. Nimemwibia mtu mzima bunduki zake, sasa nimemwibia na kura. Kila kimoja kwa mapenzi. Nadhani na wezi wengine husema hivyo.

Tofauti: 388.

Jumanne, 12 Novemba

Leo yote yametoka.

Rudd kaja saa nne na karatasi mkononi, hata kofia hakuvua. Ana orodha ya watu waliokataliwa saini. Ni mali ya umma, kumbe, yeyote anaweza kuiomba, na kampeni zote mbili zimeiomba. "Kaunti hii ni kumi na tisa. Wewe ni wa saba, Del! Nimeshawapata sita, wote wametia saini upya. Barua hukuipata?"

"Barua gani?" kasema Delmar.

Wote wawili wakaniangalia. Nilikuwa na kahawa mkononi. Ningeweza kusema posta imechelewa; posta huku inabeba dhambi nyingi, moja zaidi isingeiua. Lakini Delmar alikuwa ananiangalia — ananiona, si fanicha. Tangu Machi sikuwa nimeangaliwa hivyo. Nikaenda stoo, nikainama kwenye friza, nikarudi nayo. Ilikuwa ngumu kama kigae, ina barafu pembeni.

Rudd akaangalia barua, akaangalia mlango wa stoo, akaniangalia mimi. "Shemeji. Barua mnagandisha?"

"Zisiharibike," nikasema.

Delmar akacheka! Kicheko kimoja, kifupi, kama mtu aliyekohoa kwa bahati mbaya. Kisha kikazima. Akamwambia Rudd atakwenda mwenyewe kwa karani, asante, apite mlango ule ule aliojia.

Tulipobaki wawili:

"Ulidhani nimepiga ipi?"

"HAPANA."

"Ndipo ukaificha."

"Ndipo."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Verla, mimi ningeificha yako, ungeniitaje?"

Jibu lilikuwa mezani, linayeyuka.

"Nilidhani tumeibiwa na watu wa Portland," akasema, akaenda kuvaa koti.

Nikahesabu dakika. Arobaini na tatu. Nilimwona dirishani: alikuwa ameegemea shingo ya farasi, anazungumza. Farasi anajua mambo mengi kuliko mimi.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeamka nikamkuta jikoni na kalenda ya mwaka jana ya duka la mbegu. Anafanya mazoezi ya saini nyuma yake. Delmar Haskett, Delmar Haskett, Delmar Haskett. Mistari mitatu. D ya kwanza nyembamba. Ya kumi hivi ilikuwa imeanza kuota kitambi, kisha ikakonda tena. "Haitoki," akasema.

Nikamwambia naweza kumwandikia, naijua kuliko yeye, nimesaini hundi zake tangu Rudd apate mtoto wa kwanza. Nilikuwa natania. Nusu.

"Umeshanisaidia vya kutosha mwezi huu," akasema.

Tumekwenda mjini. Mara yake ya kwanza tangu mazishi. Alikaa kwenye pikapu nje ya mahakama muda mrefu, mkono kwenye kitasa. Nikasoma kibao cha maegesho mara sita.

Karani ni Nerea Arrien, babu zake walikuja huku kuchunga kondoo na yeye anachunga saini. Kamletea Delmar kadi yake ya zamani, ya mwaka themanini na sita. Delmar kaishika kwa ncha za vidole. D yenye kitambi. Lango la zizi.

"Huyu jamaa alikuwa na haraka ya wapi?" akauliza.

"Wote tulikuwa nayo," kasema Nerea. "Usihangaike kumwiga. Andika unavyoandika sasa, kuanzia leo hii ndiyo itakuwa yako."

"Na huyu mnamtupa?"

"Hatumtupi mtu. Tunamweka kwenye faili."

Akaandika. Uzi uleule. Nerea akapiga muhuri, akasema asante, Delmar, nimefurahi kukuona. Alisema hivyo kama mtu anayejua anachosema. Nikajifanya natafuta glavu.

Njiani nikashindwa. "Ulipiga ipi?"

"Siri ya kura, bibie."

Maili tano. Uzio, theluji kidogo, uzio.

"Wakati natia wino nilikuwa namfikiria Wendell," akasema. Basi. Hakusema Wendell angepiga ipi wala yeye alipiga ipi, nami kwa mara ya kwanza mwezi huu sikuiba jibu.

Alhamisi, 14 Novemba

Tofauti: 212. HAPANA bado mbele, kwa unywele. Nerea atafungua bahasha zote za kaunti zilizotiwa saini upya Jumamosi asubuhi, mbele ya waangalizi wa pande zote mbili. Wa HAPANA ni Rudd.

Kwa hiyo Rudd haendi kuwinda. Kapiga simu kuomba radhi. Delmar akasema si kitu, nitakwenda peke yangu.

Peke yangu. Nilikuwa napiga pasi. Nimeunguza kola.

Ijumaa, 15 Novemba

Nilikuwa namenya viazi. Delmar kafungua kabati, nikasikia kioo. Kaja na bunduki ya elki, kaiweka mezani taratibu, mdomo ukielekea ukutani.

"Haipigi hii."

"Najua."

"Tangu Agosti."

Kisu kikanisimama. Nikauliza amejuaje Agosti.

"Nilifungua kabati Agosti kumi na nne," akasema. Alikuwa anaangalia viazi. "Ulikuwa umekwenda kanisani kupanga maua. Nikaitoa hii. Nikaona tundu pale komeo lilipotakiwa kuwa. Nikakaa chini, sakafuni. Sijui kwa muda gani. Kisha nikasikia njaa. Nikaenda kulisha farasi."

Siku mbili. Nilimtangulia kwa siku mbili.

Nikamenya kiazi kilichokwisha kumenywa.

"Sikuuliza yamekwenda wapi," akasema. "Ila sisi hatuli maini, Verla."

Halafu akaenda chumba cha nyuma, nikasikia anavuta sanduku. Karudi na soksi ya sufu, nzito, kaiweka karibu na maganda. Bastola ya baba yake. Miezi mitatu! Ilikuwa kwenye sanduku la mapambo ya Krismasi, chini ya malaika. Kaiweka huko mwenyewe, siku ileile, jioni. "Huko huwa sifiki bila kuamrishwa," akasema.

Tulikaa. Mikono yangu ilikuwa na wanga, nikamshika mkono hivyohivyo. Akauacha.

Nikamwuliza sasa je. Akasema kuna siku na siku. Akasema Desemba sita atakwenda, hata kama nitalazimika kuendesha mimi. Akasema tangu Jumatano anasikia kidogo ladha ya kahawa.

Kisha akasema anataka komeo moja. Moja tu, la bunduki hii. Waliomba pamoja, yeye na Wendell, miaka minne. Anataka kupanda mpaka kwenye mteremko wao kesho, hata asipoona mnyama. "Ile soksi kaa nayo. Yale mawili kaa nayo. Nipe moja."

Nikasema amngoje Rudd, amalize kuhesabu, waende Jumapili. Akasema Jumapili theluji itafunga barabara ya juu.

Nikasema nitakwenda naye. "Hujawahi kwenda," akasema. Hakusema hapana.

Nikasema nitafikiri. Akasema haya. Nimeficha soksi kwenye friza. Sasa hata mkate wa mahindi hauna nafasi.

Jumamosi, 16 Novemba

Saa kumi na mbili na nusu. Kumepambazuka, anga la kijivu. Delmar yuko nje anakwangua barafu kwenye kioo cha pikapu. Nasikia kra, kra. Bunduki imelala kiti cha nyuma, haina komeo. Hajaniomba tena. Anajua pakiti ilipo. Angeweza kuichukua mwenyewe wakati nikivaa, stoo haina kufuli. Hakuichukua. Hilo ndilo linaloniua.

Nimeitoa. Iko mezani mbele yangu, karibu na daftari.

Redio: 197. Saa tatu Nerea atafungua bahasha, ya Delmar ikiwemo, na Rudd atasimama nyuma ya kamba, hajanyoa, akiamini hiyo ni yake. Huenda ni yake. Huenda si yake. Kitakachoamuliwa huko kitaamuliwa bila mimi.

Nimeisoma Hoja tena asubuhi hii, kwenye kile kijitabu walichotutumia, kurasa zote, na za wanaoipinga. Imeandikwa vizuri. Inasema bunduki ifungwe, inasema kufuli la namna gani, inasema faini ya asiyefunga. Nimetafuta mahali inaposema ufunguo unarudishwa siku gani, na mwenye kuurudisha anajuaje kwamba siku yenyewe ndiyo hii. Hakuna. Wanaopinga nao hawajasema.

Jana alicheka mara mbili. Naandika ili nisidhani nimeota. Na Agosti pia alikuwa amecheka mara moja, siku ya kumi na moja, ileile aliyoomba chumvi. Nimerudi nyuma kwenye daftari nikasoma. Afadhali nisingesoma.

Nikimpa, nimempa. Nikimnyima, aliyetia saini Jumatano nimemrudisha kwenye faili.

Ubavuni mwa jokofu kimebaki kibali kimoja. Cha Wendell kakichukua. Chake kakiacha — au kinyume? Nimeinuka kuangalia. Kilichobaki ni cha Wendell. Nimekaa tena.

Nimevaa buti. Sijui ni za kupanda naye mlimani au za kufika mlangoni tu. Chupa ya kahawa nimeijaza, vikombe nimetoa viwili, kimoja nimekirudisha, nimekitoa tena. Karatasi ya buchani imeanza kulowa na zile herufi za MAINI zinachuruzika mezani.

Kra, kra imeisha. Kawasha injini.

Kafungua mlango wa upande wangu — naona kutoka hapa — kaukung'uta theluji, kauacha wazi. Karudi kwenye usukani.

Pakiti ni nzito. Ina makomeo matatu, na yote yanafanana, lazima nifungue, nichague lililo lake —

Honi. Moja, fupi. Anangoja.